Utafikia kwa Nani? Hotuba kwa Wahitimu wa Iringa Wanaofikiria Kuhamia Dar es Salaam

Ndugu Mwenyekiti, wazazi na walezi, walimu wetu, na ninyi wahitimu ambao siku ya leo ni yenu, kamwene.

Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumze kuhusu vijana na ajira. Mada hiyo ni pana kuliko muda niliopewa, na hotuba nyingi nilizowahi kusikia juu yake zilimalizika kwa kuwaambia vijana wajiajiri, jambo ambalo ni rahisi kulisema mtu akiwa ameegesha gari lake nje ya ukumbi. Nimeamua kuipunguza. Asubuhi, tulipokuwa tunakunywa chai, niliwauliza wahitimu tisa waliokaa meza moja nami wanaelekea wapi baada ya leo, na saba wakajibu Dar es Salaam. Nikawauliza swali la pili: utafikia kwa nani? Wawili walitaja kaka zao, mmoja akataja shangazi ambaye hajamwona tangu alipokuwa darasa la tano, na wengine wakacheka. Nataka tubaki kwenye swali hilo, kwa sababu naamini ndilo linaloamua safari hiyo itakuwaje, hata kabla hatujafika kwenye swali la mshahara.

Kiswahili chetu kina busara yake hapa. Basi hufika mjini, barua hufika mjini, lakini mtu hufikia kwa mtu. Anayekwenda Dar es Salaam bila kuwa na pa kufikia hana budi kulipia kila kitu kuanzia usiku wa kwanza, na yule mwenye pa kufikia analipiwa na mwingine. Hakuna njia ya tatu, na katika miaka yote niliyoishi kule sikukutana na kijana wa mkoani ambaye mshahara wake wa kwanza ndio uliomweka mjini. Wote tuliwekwa na mtu.

Mimi nilipanda basi hapa mwezi wa Februari mwaka 2009, nikiwa na stashahada ya uhasibu na nikiwa nimeitwa kazini kwa simu na kampuni ya uwakala wa forodha. Nilishuka Ubungo, maana enzi hizo mabasi ya mikoani yalikuwa bado yanaishia pale, miaka mingi kabla ya stendi mpya ya Mbezi Luis. Mjomba alinipokea akanipeleka kwake Mbagala, katika nyumba ya kupanga ambayo yeye alikuwa na vyumba viwili, mke na watoto watano. Nililala sebuleni, na sebule haiwi chumba cha kulala mpaka kila mtu amalize kuangalia televisheni. Niliamka saa kumi alfajiri ili niwahi gari la kwenda mjini. Jioni nilijifunza kile ambacho wenyeji wa Dar es Salaam wanakiita kugeuza: unalipandia daladala njiani likiwa linaelekea mwisho wa safari yake, unalipa nauli, unazunguka nalo hadi kituoni, kisha unalipa nauli ya pili ili tu uwe tayari umekaa kwenye kiti linapoanza kurudi kwenu. Ni gharama ambayo hakuna aliyeniambia niiweke kwenye bajeti.

Mshahara wangu ulikuwa shilingi 200,000, na nyumbani walijua hivyo. Walichokuwa hawakijua, na mimi mwenyewe nilichelewa sana kukijua, ni kwamba kodi yangu, maji yangu ya madumu, umeme wangu na sahani yangu ya jioni vilikuwa vinalipwa na genge la mke wa mjomba, ambaye aliuza nyanya na vitunguu mbele ya nyumba. Nyanya zile zilitoka Ilula na vitunguu vilitoka Ruaha Mbuyuni. Yaani mkoa wetu ulikuwa unanilisha mara mbili, kwa genge lile na kwa gunia la mahindi na debe la maharage ambalo mama yangu alikuwa analipakia kwenye basi kila baada ya miezi michache. Watu husema kijana wa mjini anatuma hela nyumbani, na kweli nilituma. Lakini kama ningeandika daftari la uhasibu la mwaka ule kwa kanuni nilizofundishwa chuoni, gunia upande mmoja na miamala ya simu upande mwingine, Iringa ndiyo iliyokuwa inaidai Dar es Salaam.

Nilikaa kwa mjomba miezi kumi na minne. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe akalime, na kwa muda mrefu niliuchukulia msemo huo kama karipio kwa wageni wavivu. Sasa nauona kama maelezo ya namna ukarimu unavyoweza kudumu. Kijijini jembe linamaliza tatizo, kwa sababu mgeni akishika jembe anazalisha chakula zaidi ya anachokula, na kukaa kwake kunageuka kuwa faida kwa mwenyeji. Mjini jembe hilo halipo. Jembe la Mbagala ni fedha taslimu, na fedha ndiyo kitu ambacho mgeni amekuja kukitafuta. Kwa hiyo mwenyeji ananyamaza, mgeni anajifanya haoni, na ugomvi unatokea kwa njia ya kando: taa iliyoachwa inawaka wakati uniti za LUKU zimekaribia kwisha, ndoo ya maji iliyotumika kufulia jinzi, mtoto aliyeambiwa asogee ili kaka alale. Mjomba hakuwahi kuniambia niondoke. Nilielewa siku nilipomsikia mdogo wa mwisho akimuuliza mama yake chumba cha wageni ni nini.

Naomba sasa tufanye hesabu, maana mimi ni mhasibu na sitaki mnikumbuke kwa masimulizi tu. Tuseme kijana aliyehitimu leo, ambaye alisomeshwa kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, ameahidiwa mshahara wa shilingi 700,000 Dar es Salaam. Kwa wengi wetu hapa hiyo ni fedha nzuri. Mchango wake wa hifadhi ya jamii ni asilimia 10, yaani 70,000. Kwa viwango vya kodi ya mshahara vilivyoanza kutumika Julai 2021, zile 630,000 zinazobaki zinatozwa kodi ya 42,000. Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara, yaani 105,000. Kinachoingia benki ni 483,000. Mtu aliyeahidiwa laki saba na kuwatangazia ndugu zake laki saba atapokea pungufu ya laki tano, na ndugu hao wataendelea kumhesabia zile saba.

Tuendelee. Chumba na sebule, mbali kiasi na katikati ya mji, tuseme kimepatikana kwa 150,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba hataki mwezi mmoja. Desturi ni miezi sita, na wapo wanaotaka mwaka. Dalali aliyekupeleka kukiona anachukua kodi ya mwezi mmoja. Hapo umeshafikisha 1,050,000 kabla hujanunua godoro, jiko la gesi na pazia, na kiasi hicho kinazidi mishahara miwili kamili ya kile kinachoingia benki. Kinadaiwa lini? Kinadaiwa kabla ya mshahara wa kwanza, ambao utakuja mwisho wa mwezi kama mwajiri ni mwaminifu. Ndiyo sababu nasema swali la kufikia linatangulia. Jiji lile lina kizingiti cha kuingilia kinachozidi milioni, na mshahara wako hauwezi kukuvusha kwa kuwa wenyewe uko upande wa pili wa kizingiti hicho. Mtu lazima akuvushe, kwa kukupa fedha au kwa kukupa sebule.

Kuna anayesema moyoni kwamba atatafuta chumba cha bei ya chini zaidi. Vipo, kule Chanika, Mbagala ya ndani na Bunju, lakini kodi na nauli ni kama mizani ya dukani: ukipunguza upande huu, ule mwingine unakuwa mzito. Ukifaulu kupunguza vyote viwili unalipa kwa saa za kusimama barabarani. Mwendokasi ulipoanza mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni uliwafaa sana waliokuwa wanakaa kandokando ya Barabara ya Morogoro, na wenye nyumba wa kandokando ya barabara hiyo nao waliliona hilo.

Wanaotarajia kuajiriwa serikalini wasikilize jambo moja ambalo huzungumzwa kidogo. Ngazi za mishahara ya utumishi wa umma ni za nchi nzima. Rais alipotangaza Mei Mosi mwaka 2025 kwamba kima cha chini cha mishahara ya umma kitapanda kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai, laki tano hiyo ilikuwa ni ileile Ludewa, Mafinga na Ilala. Kodi ya nyumba haiko ileile. Muuguzi anayeomba uhamisho kwenda Dar es Salaam anaomba, kwa lugha ya hesabu, apunguziwe mshahara. Anaweza kuwa na sababu nzuri, mwenzi wake yuko kule au mtoto anahitaji matibabu ya Muhimbili, lakini ajue kwamba hicho ndicho anachokiomba. Kwenye sekta binafsi mambo ni tofauti kwa sababu mshahara unajadiliwa, na hapo kijana wa mkoani hukosea kwa kuwa anaulizwa anataka kiasi gani na yeye anajibu kwa bei za Iringa.

Sasa mkataba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 15, inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi maelezo ya ajira yako, na miongoni mwa maelezo hayo ni mahali ulipoajiriwa na mahali pa kazi. Watu husoma mshahara, wakasoma tarehe ya kuanza, kisha wakasaini. Neno hilo la mahali ulipoajiriwa lina uzito, kwa sababu kifungu cha 43 kinasema mkataba ukivunjika mahali pengine tofauti na pale ulipoajiriwa, mwajiri anatakiwa akusafirishe wewe na mizigo yako hadi pale alipokuajiri au akulipe gharama hiyo, na akulipe posho ya kujikimu ya kila siku katika kipindi cha kusubiri usafiri huo. Mimi nilifanyiwa usaili kwa simu nikiwa Iringa, nimesimama chini ya mparachichi nyumbani kwetu, lakini mkataba nilioukuta mezani uliandikwa kwamba nimeajiriwa Dar es Salaam. Nilisaini. Nilipopunguzwa kazini mwaka 2013 pamoja na wenzangu wanne, nilijilipia nauli ya kurudi na gharama ya kusafirisha kitanda, na nikakaa wiki tano kwa rafiki nikisubiri stahiki zangu nyingine. Neno moja lilinigharimu yote hayo. Kosa lilikuwa langu kwa nusu, na nusu yake nyingine nawaachia walioandika mkataba ule.

Hayo yote ni kwa mtu aliyeitwa kazini. Anayekwenda kutafuta, bila barua mkononi, yuko katika hali tofauti, nami nitamwambia waziwazi kwamba sababu nyingi zilizokuwa zinatulazimisha sisi kwenda zimepungua. Zamani uligonga milango ya ofisi na bahasha ya kaki kwapani kwa sababu ofisi zilikuwa kule. Leo nafasi za serikali zinaombwa kwa mtandao kupitia Ajira Portal, na maombi yaliyotumwa kutoka Kihesa hayana tofauti na yaliyotumwa kutoka Kinondoni. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973, ukalala, na mwaka 2016 ukaamshwa kwa vitendo. Wizara ziko kule sasa. Dodoma iko karibu kilomita 260 kutoka hapa kwa barabara ya lami ya Mtera, takriban nusu ya umbali wa kwenda Dar es Salaam. Sisemi Dodoma ni rahisi, maana waliohamia wameongeza bei za nyumba kule pia. Nasema tu kwamba tumerithi ramani ya wazazi wetu, ambayo ilikuwa na mji mmoja, na wengi bado tunasafiri kwa ramani hiyo.

Wapo watakaohisi kwamba nimekuja kuwakatisha tamaa, basi nami niseme upande wangu wa pili. Sijutii kwenda. Katika ofisi ile niliona kwa mwaka mmoja nyaraka za forodha ambazo hapa nisingeziona kwa miaka kumi. Nilijifunza kuzungumza na mabaharia, na maafisa wa bandari, na wafanyabiashara wa Kariakoo ambao hesabu zao ziko kichwani na hazikosei. Baada ya kupunguzwa nilirudi Dar es Salaam tena mwaka uliofuata, kwa masharti yangu mwenyewe, nikakaa hadi mwaka 2021, na shughuli ya kusafirisha mbao ninayoiendesha sasa Mafinga isingekuwepo bila watu niliofahamiana nao kule. Jiji linauza kitu halisi. Kati ya sensa ya 2012 na ile ya 2022 mkoa wa Dar es Salaam ulikua kutoka watu 4,364,541 hadi 5,383,728, yaani waliongezeka watu zaidi ya milioni moja, jambo linalokaribia kuchukua mkoa wetu wote wa Iringa na kuuhamishia pale. Watu wengi kiasi hicho hawawezi kuwa wote wamedanganyika. Na wazee waliopo hapa wanakumbuka kwamba Serikali iliwahi kujaribu kutuamulia: mwaka 1983 ilitungwa Sheria ya Nguvukazi, na wasiokuwa na kazi inayotambulika mjini wakakamatwa na kupakiwa kwenye magari kurudishwa vijijini. Wengi walirudi mjini kabla vumbi la lile gari halijatua.

Masharti yangu ya mara ya pili yalikuwa machache. Nilikwenda nikiwa na kodi ya miezi sita mfukoni, niliyoiweka akiba kwa kulima viazi misimu miwili. Nilifikia kwa mjomba kwa wiki tatu, nikamwambia tarehe ya kuondoka kabla sijafungua begi, na tangu siku ya kwanza nilimpa mkewe fedha ya chakula mkononi, yeye na si mjomba, kwa kuwa ndiye aliyekuwa ananilisha. Sijui kama kuna jambo nililowahi kufanya mjini lililoniletea heshima zaidi ya hilo. Yule mtoto aliyeuliza habari ya chumba cha wageni alikuwa kidato cha kwanza wakati huo, na alikuja Jumapili moja kuona ninapoishi, akakaa kwenye kiti changu pekee, mimi nikakaa kitandani.

Wazazi, ninyi nanyi mna sehemu yenu. Kijana anapoondoka mnafanya sala, mnamchangia nauli, kisha mnampigia simu ndugu aliye Dar es Salaam mnamwambia mtoto yuko njiani. Wakati mwingine basi limeshapita Kitonga ndipo mwenyeji anaarifiwa. Ndugu huyo hawezi kukataa, nanyi mnajua kwamba hawezi. Mpigieni mwezi mmoja kabla. Mwulizeni hali ya nyumba yake, mumwambie kijana atakaa hadi lini, na gunia la mahindi litangulie badala ya kufuata. Na katika miezi ile sita ya kwanza msimtumie kijana ujumbe wa mchango wa harusi ya binamu, maana atatoa, kwa aibu, na atakayelala njaa ni mwenyeji wake.

Siwezi kuzungumza habari za Iringa na Dar es Salaam bila kuwataja mabinti zetu wanaochukuliwa kwenda kufanya kazi za ndani. Mkoa huu umejulikana kwa hilo kwa muda mrefu, na tumezoea hata kutania. Anakuja mtu, mara nyingi mwanamke mwenye maneno mazuri, anazungumza na mama jioni moja, na kesho binti yuko kwenye basi. Sheria ile ya Ajira niliyoitaja inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na mtoto wa miaka 14 anaruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyomzuia kwenda shule. Kwa binti huyu swali langu la leo lina makali zaidi kuliko kwa mhitimu yeyote, kwa sababu kwake anakofikia ndiko anakofanya kazi na ndiko anakolala, na akifukuzwa saa tatu usiku anapoteza vyote vitatu kwa mara moja. Mzazi ambaye hajui jina kamili la mwenye nyumba hiyo, mtaa, na namba ya simu ambayo amekwisha kuipiga na kupokelewa, hajampeleka binti yake kazini.

Ndugu Mwenyekiti, naona umeangalia saa. Nimekuja na nakala ya Sheria ya Ajira, imechakaa lakini kurasa zote zipo. Baada ya chakula nitakaa kwenye meza ile ya karibu na mlango. Mwenye barua ya kuitwa kazini aje nayo tuisome pamoja, tuanze na mstari wa mahali ulipoajiriwa, kisha tutapiga hesabu ya kitakachoingia benki. Asiye na barua aje na jina la mtu atakayefikia kwake, na kama simu yake ina salio tutampigia palepale. Gari langu la kurudi Mafinga linaondoka saa kumi na moja jioni.